Kabla Hujamchora Mmasai Mwingine

Wanangu mnaokaa mbele ya kompyuta mchana kutwa mkitengeneza matangazo, nina maneno nanyi. Si mapya. Baadhi yenu mmeshayasikia kwangu, na najua nikitokeza mlangoni mnatazamana kwa pembe ya jicho. Haidhuru, nisikilizeni tena. Nilichora vibao vya maduka Kariakoo kwa brashi na rangi ya mafuta, kabla hayajaja mabango haya ya plastiki yanayochapwa kwa mashine. Macho yamechoka, lakini bado yanaona. Na kila yanapomwona Mmasai mwingine amesimamishwa juu ya kichuguu, mguu mmoja kaukunja, fimbo mkono huu na simu mkono ule, hutamani nimpate aliyeipanga picha ile nimuulize jambo moja tu: ulikuwa unamwambia nani?

Swali hilo ndilo lililonileta. Tangazo hutaja bidhaa na pengine bei, lakini kabla ya hapo picha yake imeshamwambia mtazamaji yeye ni nani, na wale waliochorwa ni watu wa namna gani. Muuza viatu akikudanganya utabishana naye hapo hapo. Picha hubishani nayo. Umo ndani ya daladala, umechoka, unatazama nje, nayo inaingia kichwani bila hodi. Ikikuingia hivyo miaka ishirini, unaanza kuamini kwamba mtu mzuri ana rangi fulani, sebule nzuri ina sura fulani, na mtu wa kijijini huwa amefumbua mdomo.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo kazi yenu ilianza na doa kabla hamjazaliwa. Mimi siwahukumu kwa hilo. Muuza kahawa anagonga vikombe vyake mitaani tangu enzi, na kahawa yake ni nzuri. Kunadi si dhambi. Ninachokitazama mimi ni kile kinachonadiwa pamoja na kahawa bila mnunuzi kuambiwa.

Tena msidhani kusoma picha ni elimu iliyokuja na vyuo vya masoko. Bibi zenu waliisoma dukani wakiwa wamesimama. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mwanamke akikunjuliwa kanga huanza na rangi, kisha anatazama mji umechorwa nini, korosho au ua au nanasi, ndipo asome jina. Jina lisipomfaa anairudisha, hata kama rangi imemkaa vipi. Ua lile lile likiandikiwa shukrani kwa mama, ni zawadi. Likiandikiwa kijembe, jirani atajua amesemwa na mtaa mzima utangoja atajibu kwa kanga gani. Kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe kikitolewa sandukuni, kila mtu anajua kuna harusi. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la Mali ya Abdulla, lililoanzishwa mwaka 1887, limeishi kwa elimu hii. Na Zanzibar, utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake ambao maisha yao yote walivaa kaniki na merikani, nguo zilizowatambulisha kuwa watumwa, walizikimbilia kanga za rangi. Hawakuhitaji kibali cha kujiita waungwana. Walipita barabarani wamejifunga kanga, na mji ukaelewa.

Sasa vyuoni mnafundishwa kwamba elimu ya kusoma matangazo ilianza na Mfaransa, Roland Barthes, katika makala yake ya mwaka 1964. Simnyang'anyi sifa yake, maana makala ni nzuri. Alichukua tangazo moja la tambi za Panzani: mfuko wa wavu ulioachwa wazi, ndani yake pakiti za tambi, kopo, nyanya, vitunguu, pilipili hoho, uyoga, na nyuma yake pote pekundu. Akajiuliza picha hii inasema nini zaidi ya tambi. Akaona inasema mtu ametoka sokoni sasa hivi na vitu vibichi. Akaona pia inasema Uitaliani, kwa mboga zile na kwa rangi zinazokumbusha bendera ya Italia. Na maneno yaliyoandikwa kando ya picha, alisema, hufanya kazi ya nanga, yaani huizuia isielee kila upande. Bibi zenu wangemjibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya jina la kanga, na wangeendelea na shughuli zao.

Lakini kuna jambo katika makala ile ambalo wengi hulipita haraka, nami naomba mlikalie kidogo. Barthes alisema Uitaliani ule umetokana na mambo ambayo mtalii wa Kifaransa anayafikiria kuhusu Italia. Mwitaliano mwenyewe akitazama nyanya na pilipili hoho haoni Uitaliani wowote, anaona mboga. Kwa hiyo Italia ile ilitengenezwa Ufaransa, kwa macho ya Wafaransa, ili Wafaransa wanunue tambi. Sasa mchukueni Mmasai wa kwenye kichuguu mkamweke kando ya zile nyanya.

Sisi tumekuwa nyanya za watu kwa muda mrefu, wanangu. Katika miaka ya 1880 kampuni ya sabuni ya Pears ya London ilitoa tangazo la picha mbili. Ya kwanza, mtoto mweusi yumo ndani ya beseni, na mtoto mweupe aliyefunga aproni kasimama na sabuni. Ya pili, yule mtoto ametoka majini, mwili wote umekuwa mweupe, uso peke yake ndio umebaki mweusi, na mwenzake anamwonyesha kioo. Kitazameni hicho kioo. Sabuni iliuzwa kwa Mwingereza, lakini aliyeonyeshwa kioo ni sisi, na aliyekishika hakuwa sisi. Mwaka 1899 kampuni hiyo hiyo ilimweka Jemadari Dewey wa Marekani katika jarida la McClure's: yumo melini, sare nyeupe, ananawa mikono, na pembeni pamechorwa mtu wa nchi ya mbali amepiga magoti anakabidhiwa sabuni. Mwaka huo huo Marekani ilikuwa vitani kuitawala Ufilipino. Mnunuzi wa sabuni alipewa na sababu ya vita juu yake, wala hakutozwa zaidi.

Mtasema hayo ni ya kale. Oktoba 2017, Dove walitoa kipande kifupi cha video: mwanamke mweusi anavua fulana yake, na anapoivua anatokea mwanamke mweupe. Dunia ilipiga kelele, kampuni ikaomba radhi. Yule mwanamke mweusi, Lola Ogunyemi, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, aliandika baadaye gazetini kwamba hakujiona amedhalilishwa, kwamba alikuwa na fahari kuonekana, na kwamba tangazo zima halikuwa na maana ile iliyosambazwa kwa kipande kilichokatwa. Mimi namwamini. Tena nawaamini hata waliolitengeneza kwamba hawakukusudia. Lakini picha huja na ukoo wake. Mtu aliyekwisha kuona beseni la Pears, au aliyezaliwa katika dunia ambayo beseni lile liliisaidia kuwa ilivyo, haoni fulana, anaona beseni. Mchoraji asiyejua ukoo wa picha anayoichora atashangaa kila siku kwa nini watu wamekasirika.

Na nyumbani je? Miaka ya 1960 majarida ya picha, Drum likiwamo, yalikuwa na matangazo ya krimu ya Ambi. Vijana waliopendeza, suti, tabasamu, mambo yamewanyookea, na ngozi imeng'aa kupita ile waliyozaliwa nayo. Hapakuandikwa kwamba weusi ni aibu. Hapakuhitajika. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku vimini, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Baadhi ya wazee wenzangu huikumbuka kwa fahari. Mimi siwezi, kwa sababu waliofukuzwa na kuzomewa mitaani walikuwa wasichana, na hakuna mwenye kiwanda cha krimu aliyezomewa. Fimbo ilimpata aliyeiamini picha, aliyeitengeneza akalala usingizi wake.

Mwaka 2020 Unilever walitangaza kuondoa neno la weupe katika jina la krimu yao ya Fair & Lovely, ikawa Glow & Lovely. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wameondoa kwenye pakiti zile nyuso mbili, moja iliyofifia na moja iliyong'aa. Sawa. Makopo yamebadilishwa majina. Lakini pita mbele ya saluni zetu, tazama vibao. Tazama kadi za harusi na mabango ya wapiga picha. Msichana anakuja na rangi yake aliyopewa na Mungu, anapigwa picha, na usiku mmoja wenu anakaa kwenye kompyuta anaipandisha rangi ile ngazi mbili tatu, bila kuulizwa, bila hata kuombwa. Hapo hakuna mkoloni, wala Unilever. Hapo pana kijana wa Mbagala na kipanya chake. Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa kuwa aliyeshika kioo sasa ni wewe.

Niwape mfano mwingine nisije nikaonekana nimeshikilia sabuni. Kati ya mwaka 1926 na 1933 serikali ya Uingereza ilikuwa na bodi yake, Empire Marketing Board, kazi yake kuwashawishi Waingereza wapende bidhaa za makoloni. Ilibandika mabango makubwa mijini kwao. Mchoraji Adrian Allinson aliichorea mabango mawili ya usafiri wa Afrika Mashariki: moja la mtindo wa zamani, wapagazi na mizigo kichwani, la pili la mtindo mpya, magari ya mizigo. Ni kazi safi ya brashi, fundi humheshimu fundi. Mpita njia wa Manchester hakuhitaji maelezo. Alishajua nani alikuwa amelala na nani aliyemwamsha. Kwamba misafara ile ya wapagazi ilibeba pembe za ndovu zilizokwenda kuwa vibonye vya piano na mipira ya biliadi huko huko kwao, hilo halikuchorwa. Daima mtazame nini hakikuchorwa.

Turudi kwa Mmasai, maana najua mlikuwa mnangoja.

Kampuni ya Louis Vuitton ilitumia mashuka ya Kimasai katika mavazi yake ya wanaume ya mwaka 2012. Si peke yao. Viatu, magari, mikoba, vyote vimepata kubeba jina au sura ya Kimasai mbali na hapa. Wamasai wa Kenya na Tanzania wameunda chombo chao, Maasai Intellectual Property Initiative, cha kudai haki juu ya jina na sanaa yao, na kampuni moja ya nguo ya Uingereza, Koy Clothing, imekubali kulipia ruhusa. Hatua ndogo, lakini ni hatua. Inaonyesha kwamba aliye ndani ya picha anaweza kuinuka akauliza bei.

Lakini sikuja kuwasema Louis Vuitton, maana hawatanisikia. Nimekuja kusema na nyinyi. Nendeni fukwe za Zanzibar, kisiwa ambacho Mmasai hakuwa na boma wala malisho, mtawakuta morani mbele ya hoteli, shuka jekundu, shanga, wakiruka kwa ajili ya wageni. Mimi simlaumu kijana yule; ametafuta riziki mahali ilipo. Namlaumu aliyemweka kwenye kipeperushi cha hoteli kando ya mlango wa Kizanzibari wenye njumu za shaba na jahazi lililotanda tanga, kana kwamba vitu vyote vitatu vilizaliwa mtaa mmoja. Mgeni anarudi kwao akiamini amewaona Wazanzibari. Na Mzanzibari mwenyewe hayumo kwenye kipeperushi. Pengine yuko jikoni anapika.

Kuna kichekesho kichungu hapa ambacho vijana hamkijui. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati ule ule wa Operesheni Vijana, serikali yetu iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai mashuka na kuwavisha suruali. Vazi lao, ilisemwa, ni la kurudi nyuma, linatia nchi aibu. Na shuka lenyewe lilikuwa halijawa la kale sana; kabla vitambaa vya dukani havijaenea Umasaini, walivaa ngozi. Basi nguo iliyoletwa na biashara ikaitwa ushenzi na watu waliovaa suruali zilizoletwa na biashara, kisha miaka haijapita mingi nguo hiyo hiyo ikawekwa kwenye mabango ya kuwaita watalii. Mtu mmoja, vazi moja, leo aibu, kesho nembo. Yeye hakuulizwa mara ya kwanza wala ya pili.

Tena mwaka 2022 ilizinduliwa filamu ya The Royal Tour, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ndiye anayemtembeza mwandishi wa Kimarekani kuonyesha nchi. Niliipenda kwa jambo moja: mara hii aliyekuwa anaonyesha ni mwenyeji, mwanamke wa pwani na hijabu yake, na mgeni ndiye aliyefuata nyuma. Mpangilio huo peke yake ni ujumbe, tena mzuri. Mwaka huo huo, wakazi wa Ngorongoro, wengi wao Wamasai, walianza kuhamishiwa kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilieleza sababu zake za uhifadhi, wenyewe walikuwa na malalamiko yao, na mabishano hayo ni makubwa kuliko mimi. Nasema tu kwamba kwenye mabango Mmasai hajahama. Bado amesimama pale pale ukingoni mwa kreta.

Msinielewe kwamba kila kinachochorwa kwa ajili ya mgeni ni uongo. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 akitumia mbao nyepesi na rangi za kupakia baiskeli. Aliuza nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, na wanunuzi wake wengi walikuwa Wazungu. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, baada ya miaka minne tu ya kazi. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza, na leo ukimwona chui yule mwenye madoa ya mviringo na macho makubwa, hata kwenye katuni ya watoto ya BBC iliyotengenezwa Nairobi, unajua ametoka Dar es Salaam. Alichora kwa ajili ya jicho la mgeni, kweli. Lakini mkono ulikuwa wake, na mzaha ulikuwa wake, na yule chui hafanani na chui wa kitabu chochote cha Kizungu. Tofauti yake na bango lenu ni kwamba yeye alitazama kwanza.

Nyinyi mnanunua picha. Msikatae, nimeona. Benki moja hapa mjini iliweka bango la mkopo wa nyumba: baba, mama, watoto wawili, sebule safi. Nikasimama pale kituoni nikaitazama mpaka basi likaniacha. Ukutani kwao palikuwa na meko ya kuotea moto! Dar es Salaam, mwezi wa Februari, mtu anajifuta jasho kwa leso, benki inamwahidi mahali pa kuotea moto. Familia ile ilinunuliwa mtandaoni kutoka Marekani, ikapewa jina la Kiswahili chini yake, ndiyo nanga, na sote tukatakiwa tutamani nyumba yake. Afadhali ingekuwa nyumba yenye baraza na watu wamekaa jioni. Sasa mmepata na akili mnemba, mashine mnayoiandikia maneno mawili ikawaletea picha. Iombe kijiji cha Afrika, uone kama haitakuletea nyasi za njano, jua linazama na mti mmoja wa mgunga. Imelishwa picha zote za wenzenu waliotangulia, Pears na Allinson na vipeperushi vya hoteli, inawarudishia kile kile. Mwenye kuipokea bila kuitazama ametumwa, hata kama analipwa mshahara.

Niseme na mazuri, maana mzee anayelaumu tu huachwa na wajukuu. Safaricom walipoanzisha M-Pesa kule Kenya mwezi Machi 2007, matangazo yao yalijengwa juu ya wazo moja: kutuma pesa nyumbani. Aliyelibuni alitujua. Alijua kwamba kijana anayepanga chumba mjini moyo wake uko kwingine, aliko mama, na kwamba deni la kwanza la mshahara liko huko. Hakuazima picha ya mtu. Alitazama kituo cha mabasi siku ya Ijumaa, bahasha zinavyokabidhiwa makondakta kwa wasiwasi, akaichora shida ile pamoja na dawa yake. Watu walijiona. Tatizo limekuja kwa waigaji, hapa na kule. Yule mama wa kijijini amebaki kuwa wa kupokea tu, kanga imekaa upande, anashangaa simu kama kuku aliyeona kioo, anasema lafudhi ya kuchekesha. Mama huyo ndiye aliyeuza ng'ombe ukasoma kompyuta. Anajua hesabu ya shilingi kuliko mkurugenzi wako.

Rangi nazo mnazitumia kama maji. Kampuni ya simu ya Celtel, ya njano na nyekundu, ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na kila mara kuta za maduka ya barabarani zilipakwa upya bila mwenye duka kubadili hata bei ya chumvi. Mwenye duka alifurahia rangi ya bure, namwelewa. Ila siku moja nilikuwa ndani ya basi kwenda Tanga, nikauliza tumefika wapi, abiria wa pembeni akachungulia nje asijue, kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na rangi ya kampuni ya simu.

Mkitaka kuona picha iliyokaa vizuri katika maisha ya watu, nendeni duka la vifaa vya ujenzi. Simenti ya Wazo Hill ni Twiga, ya Tanga ni Simba, ya Mbeya ni Tembo, ya Kimbiji ni Nyati. Fundi anamtuma kijana alete Twiga mifuko kumi, na kijana asiyejua kusoma hakosei. Kenya, kopo la mafuta ya kupikia lenye picha ya kasuku limekuwa kipimo cha sokoni; mahindi na maharage yanapimwa kwa kasuku. Hakuna aliyedhalilishwa, hakuna aliyechubuliwa.

Basi nina ombi moja, nikishalisema nakwenda zangu. Getini kwenu pana mlinzi Mmasai. Ofisi nyingi za mji huu zinaye. Kabla hujaipeleka kwa mteja picha ya Mmasai, shuka nayo chini, msalimie, mwonyeshe, muulize anamwona nani pale. Ukichora mama wa Makunduchi, mtafute mama wa Makunduchi. Ukiwa umeng'arisha uso wa bibi harusi, mwite mwenyewe aje aukague kabla kadi haijachapwa. Akicheka, muulize anacheka nini na umsikilize mpaka mwisho. Akinyamaza, usiipeleke.